Shingo ikiuma, angalia pia mikono na miguu

Mgonjwa anapokuja kliniki kwetu akilalamikia shingo, huwa namwomba afungue vifungo vya shati kisha avifunge tena. Wengi hushangaa, maana kinachowauma ni shingo. Lakini vidole vinavyohangaika na kifungo huweza kuniambia jambo ambalo maumivu hayalisemi: kwamba ugwe wa mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo, huenda umebanwa.

Shingo ina pingili 7. Mbili za juu zina umbo la peke yake, na karibu nusu ya uwezo wetu wa kugeuza kichwa hutoka hapo. Kuanzia pingili ya pili kwenda chini, kila pingili imetenganishwa na mwenzake kwa diski, mto unaopokea uzito wa kichwa, ambao kwa mtu mzima ni kama kilo 5. Ugwe hupita katikati, na neva za mikono huchomoza pembeni.

Umri ukisonga, diski hunywea na mifupa huota vinundu. Hayo huwapata wengi bila wao kuhisi lolote, kwa hiyo picha ya eksirei peke yake isikutie hofu. Diski ikitokeza na kugandamiza neva moja, maumivu hushuka mkononi kama shoti ya umeme, na ganzi hutuonyesha neva yenyewe: kidole gumba mara nyingi ni neva ya 6, cha kati ya 7, kidogo ya 8. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki au miezi michache kwa dawa na mazoezi ya tiba, bila kupasuliwa.

Ugwe ukibanwa ni habari nyingine. Shingo yenyewe inaweza isiume kabisa. Mwandiko unaharibika, kikombe kinaponyoka, miguu inakuwa mizito, mtu anapapasa ukuta gizani asianguke. Baadaye hata mkojo haushikiki. Nyumbani watasema ni uzee. Hilo huniumiza sana, kwa sababu upasuaji wa mapema huweza kuzuia hali isizidi, ila kilichokwisha kuharibika mara nyingi hakirudi chote. Ukiona dalili hizi kwa mzazi wako, mpeleke hospitali sasa.

Kwenye ajali, hatari huja kwa dakika. Aliyeanguka kutoka juu, aliyegongwa na gari au aliyepiga mbizi penye kina kifupi, mchukulie kuwa ameumia shingo mpaka vipimo vikanushe. Usimnyanyue kwa makwapa wala kumkalisha, isipokuwa pale alipo pana hatari kama moto. Piga magoti nyuma ya kichwa chake, ukishike kwa viganja viwili kama ulivyokikuta, na umwambie ajibu kwa mdomo, asitikise kichwa. Neva zinazoendesha msuli mkuu wa kupumua hutoka kwenye ugwe huohuo, usawa wa pingili ya 3 hadi ya 5, hivyo kumvuta ovyo kunaweza kumkatia pumzi. Helmeti iache, ila kama inakuzuia kumsaidia apumue. Pumzi hutangulia shingo. Akitapika, mgeuzeni watu watatu au wanne kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikizunguka kwa wakati mmoja kama gogo, na aliyeshika kichwa ndiye atoe amri.