Je, wajua kwa nini motoka ndogo ya sport ikishushwa inaanza kugonga? Soma kabla hujanunua resori

Kuna Mazda Roadster moja nyekundu inapitaga karibu na kwetu hapa Kamalondo, Lubumbashi, ile ndogo ya bantu babili tu, Ulaya banaiitaga MX-5, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1989 kule Chicago. Mwenyewe aliishusha, alitia resori fupi (zile bandugu ba Tanzania banaita springi), na kusimama imesimama kweli, pine zimejaa vizuri mu matao, kila mutu anageuza shingo. Lakini ikifika ku dodane (tuta la barabarani) unasikia tu "paa!", na dereva anakunja uso sawa mutu amekanyaga msumari. Akanifata siku moja akasema, yaya, resori ni mpya, tena ni ngumu kuliko zile za zamani, sasa inagonga juu ya nini? Ngumu si ingepashwa kuzuia?

Swali zuri kabisa, na nalipenda juu mwenye kulielewa hawezi tena kudanganywa na muuzaji.

Motoka ikisimama tu, gurudumu liko na nafasi fulani ya kupanda kabla ya kugusa butee, kile kipande cha mpira au povu gumu kinachokaa juu ku fimbo ya amortisere (shokapu). Tuseme nafasi yenyewe ni milimita 70. Ukiweka resori za kushusha milimita 30, ile 30 haikutoka hewani, umeikata mu nafasi hiyohiyo, unabaki na 40. Sasa ona hesabu: kishindo ambacho resori inaweza kumeza kinaenda na mraba wa nafasi. 70 mara 70 ni 4,900, 40 mara 40 ni 1,600, gawa utaona ni mara tatu na kidogo. Maana yake, ili milimita 40 zimeze shimo lilelile bila kugonga, resori ingepashwa kuwa ngumu mara tatu! Na hizi za kushusha zinazouzwa tayari mu karto banaziongezaga ugumu asilimia 15, 25, pengine 30, juu zikiwa ngumu mara tatu hakuna mutu angevumilia kukaa ndani. Kile kinachobaki nani anakimeza? Butee. Butee ikichoka, shasi, na kisha mugongo wako.

Njo maana mi nasema swali la kwanza ya kumuuliza muuzaji ni "nitabakia na nafasi ngapi?", na si "inashuka ngapi?" peke yake. Bantu bengi banachagua kwa macho, banaangalia pengo kati ya pine na tao basi.

Na butee si kelele tu. Ukiwa unakata kona kwa mbio, motoka inalalia upande wa inje, na kama nafasi ni kidogo gurudumu la mbele la inje linafika ku butee katikati ya kona, hapo ugumu unaruka ghafla, pine inapoteza mushiko, na motoka inaenda moja kwa moja wakati usukani umeugeuza. Kwa motoka ya sport hiyo ni kuharibu kitu kilekile ulichoinunulia. Wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3, ongeza na mashimo yamejaa maji, hujui hili lina urefu wa kidole ao wa mkono, ndiyo utaelewa vile milimita 40 ni kidogo hapa Lubumbashi.

Sasa ugumu wenyewe unatoka wapi? Unatoka mu vitu vitatu: unene wa waya, upana wa duara, na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene njo mkubwa wa bote, ugumu unapanda sawa unene mara unene mara unene mara unene. Toka waya wa milimita 11 uende ku 12, macho hayaoni tofauti, lakini resori imekuwa ngumu karibu asilimia 42. Kwa hiyo usimuamini mutu anayeshika resori mkononi anasema "hii ni sawa na ile", hapana, apime na kaliper.

Na mizunguko ikipungua ugumu unapanda vilevile, njo ile siri ya kukata. Resori ya mizunguko 6 inayofanya kazi ukiikata mmoja inabakia 5, imekuwa ngumu asilimia 20 na imekuwa fupi, hesabu inaonekana kama zawadi ya bure. Lakini mwisho uliokatwa hauna umbo la kukaa mu kikombe chake, unakaa upande upande. Na kama ilikatwa na moto wa sudiri (wa kuchomelea vyuma) ndiyo mbaya zaidi, juu chuma cha resori kimechomwa na kupozwa kwa kipimo kule kiwandani, ukikichoma tena pale umeacha sehemu moja laini na nyingine inayovunjika kama biskuti. Nilishaona mwenyewe, tulipandisha motoka moja na kriki, gurudumu likaning'inia, resori iliyokatwa ikawa inacheza mu kikombe, niliingiza vidole viwili kati yake na kiti cha juu! Fikiria hiyo inatokea kwenye lami ya kuelekea Likasi, motoka imerushwa kidogo na bonde la njia, resori inatoka, inarudi vibaya. Mwenyewe alinyamaza, akakaa chini ku pine.

Resori fupi zilizotengenezwa kwa akili zinajua shida hiyo. Ziangalie vizuri, utaona upande mmoja mizunguko imekaribiana sana. Motoka ikisimama ile imelaliana, karibu haifanyi kazi, lakini gurudumu likining'inia inafunguka na kushikilia resori mu kikombe isicheze. Nyingine mizunguko inalaliana pole pole wakati motoka inabonyea, zinaanza laini na kumalizia ngumu. Mi kwa njia zetu nazipendelea hizo kuliko zile za ugumu mmoja toka mwanzo mpaka mwisho, ingawa benye kukimbiza ku sirkuiti banapenda za ugumu mmoja juu wanajua kila wakati motoka itajibu nini.

Kitu kingine kinachochanganya bantu: kulinganisha namba za ugumu wa resori. Mutu anasema "mwenzangu ku Honda yake aliweka za 40, mi nimewekewa za 25, banadanganya". Hapana, tulia. Inategemea resori imekaa wapi. Ku motoka ya mtindo wa MacPherson (resori na amortisere zimeungana mu nguzo moja) resori inakaa karibu kabisa na gurudumu, namba yake karibu ni ileile gurudumu linasikia. Ku Roadster, yenye mikono miwili ya kushika gurudumu, juu na chini, resori inakaa ndani zaidi ku mkono. Tuseme gurudumu likipanda sentimita 10, resori inabonyea 7 tu. Hapo ugumu unaofika ku gurudumu ni 0.7 mara 0.7, kama nusu, kwa hiyo resori ya 40 gurudumu linaisikia kama 20. Na inaenda upande wa pili pia: resori ikiwa fupi kwa sentimita 2 ku kiti chake, motoka inashuka karibu 3. Njo maana kukata "kidogo tu" kunashusha sana kuliko ulivyotaka.

Amortisere sasa, hapa niko na uchungu kidogo juu njo watu banabana pesa. Resori inarudisha kila kitu ilichomeza, amortisere ndiyo inaituliza. Ukiongeza ugumu asilimia 30, nguvu ya kutuliza inapashwa kupanda karibu asilimia 14 ili motoka itulie vile ilikuwa inatulia. Lakini Roadster nyingi zinazotufikia zimetoka Japani zamani, zikapitia Dar es Salaam na Zambia mpaka Kasumbalesa pale ku mupaka wetu, usukani bado uko kuume, na amortisere zake ni zilezile za kwanza, zimevuja mafuta na vumbi imeshikana juu yake. Ukifunga resori mpya ngumu juu ya hizo, motoka itadunda kama mpira. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua amortisere kwanza, resori zingojee. Na kama unataka kushusha zaidi ya milimita 30, amortisere za fupi ni lazima, juu ile ya kawaida itakuwa inafanya kazi kule chini kabisa ya mwendo wake. Fundi akikuambia "tutakata butee ipate nafasi" muulize kwanza kama amortisere yenyewe bado ina mwendo, la sivyo chuma kitapigana na chuma ndani mule.

Usinunue mbili za mbele tu. Miaka ya 1930 injinia mmoja Mwingereza, Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce akaenda kufanya kazi General Motors kule Marekani, alionyesha kama nyuma ya motoka inapashwa kuyumba kwa haraka kuliko mbele. Sababu ni hii: shimo linakutana na mbele kwanza, nyuma inachelewa kidogo, kwa hiyo nyuma ikiwa na mwendo wa haraka inaifikia mbele na motoka inatulia pamoja. Ukikaza mbele peke yake unapata ile ya kutikisa kichwa, mbele juu nyuma chini, nyuma juu mbele chini, abiria anakuwa sawa anakubali kila kitu unachosema. Benye kutengeneza resori banapanga zote nne pamoja, usivunje mpango wao.

Paralelisme (kunyoosha magurudumu) pia usisahau, juu motoka ikishuka mikono inabadilisha pembe na pine zinaanza kuangalia pembeni, zinaliwa upande wa ndani kwa muda mfupi sana. Taa nazo zinashuka pamoja na motoka, rekebisha.

Kuhusu jina: kampuni ya Ujerumani Eibach iko mu kazi ya resori toka 1951, H&R pia ni ya kule, Tein ni ya Japani, hizo tatu zinaaminika. Lakini jina peke yake halitoshi, angalia namba iliyochapwa ku resori, halafu soma kibati cha shasi. Motoka moja inaweza kuwa na resori tofauti kwa sababu injini ni nzito, ao boksi ni otomatiki, ao ile ya Japani inasukuma magurudumu yote manne wakati ya Ulaya inasukuma mawili. Za Ujerumani zinakuja na karatasi ya TÜV (bakaguzi ba motoka ba kule) yenye kuonyesha uzito wa mbele na wa nyuma ambao zinakubali, hiyo karatasi isome, inakuambia ukweli kuliko muuzaji. Za mitumba mi sinunui: rangi ikishachubuka kutu inaanza ku mzunguko wa chini, na pale njo zinavunjikaga.

Tukarudi sasa ku ile Roadster nyekundu. Tulipandisha soksi ya vumbi ku amortisere ya mbele, tukafunga kamkanda kadogo ka plastiki ka kufungia nyaya kwenye fimbo, chini kabisa, kakakaza kiasi. Akazunguka mutaa, akapita dodane mbili polepole, akarudi. Kamkanda kalikuwa kamesukumwa juu mpaka kamejibana mu butee yenyewe, na hiyo ni dodane, bado shimo! Akarudisha resori za zamani siku ileile. Miezi mitatu nyuma yake akaleta za kushusha milimita 20, pamoja na amortisere mpya zote nne, tukafunga, paralelisme ikafanywa, tukaweka tena kamkanda. Safari hii alienda mpaka Ruashi na kurudi, na dada yake amekaa pembeni. Kamkanda kalisimama upana wa kidole kimoja na nusu chini ya butee.