"Maombi Yangu Hayapandi": Dhana Potofu Kuhusu Kuwaombea Wengine

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi hapa Kisumu alinishika mkono langoni mwa kanisa akaninong'oneza: "Wewe mwalimu unajua kuomba. Mimi maombi yangu hayapandi. Niombee kijana wangu, kesho anaingia mtihani." Nikamjibu upesi, "Sawa mama, nitamwombea," nikakimbilia foleni ya chai. Nilikuja kukumbuka Jumatano, nikiwa kwenye matatu, kwamba sikuwa nimetamka hata neno moja. Yeye siku hizo zote tatu alikuwa akiamka saa kumi usiku kuomba.

Kauli hiyo ya kwamba maombi hayapandi nimeisikia kuanzia Kondele hapa Kisumu hadi Luanda kule Vihiga, kwa walokole, kwa Waanglikana, hata kwa Wakatoliki. Imebeba dhana kadhaa kwa mpigo, na baadhi yake tumezifuga sisi wenyewe tunaopenda kushika maikrofoni.

"Kuna watu ambao maombi yao hufika haraka"

Wanaoshikilia hili hutaja Yakobo 5, kwamba kuomba kwake mwenye haki kwafaa sana. Wangesoma mstari unaofuata tu, wangekuta Yakobo akisema Eliya "alikuwa mwanadamu mwenye tabia moja na sisi". Na mistari michache nyuma yake, mgonjwa anaambiwa awaite wazee wa kanisa. Ni wazee, wengi, na wao ndio wanaokwenda kitandani kwa mgonjwa. Hakuna jukwaa wala foleni ya wagonjwa wanaosubiri kuguswa na mtu mmoja.

Paulo naye, ambaye angeingia kwetu leo tungemwekea kiti cha mbele na chupa ya maji, aliwaandikia Wathesalonike waliokuwa wachanga katika imani: "Ndugu, tuombeeni." Mtume anaomba aombewe na wanafunzi wake.

Kisa ninachokipenda zaidi ni kile cha Marko 2, cha watu wanne wa Kapernaumu waliombeba rafiki yao aliyepooza. Mlango ulijaa watu, wakapanda darini, wakaitoboa dari, wakamshusha na godoro lake. (Mwenye nyumba hatajwi. Jaribu kung'oa mabati ya mtu Nyalenda msimu wa mvua za Aprili uone.) Marko anaandika kwamba Yesu "alipoiona imani yao" ndipo aliposema na mgonjwa. Yao. Watu wanne wasiojulikana hata majina, wasiotamka neno lolote katika habari nzima. Ombi lao lilikuwa kamba, jasho na tundu kwenye dari ya mtu.

"Mnyenyekevu haombi makubwa, hujiona si kitu"

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Luka 7 inasimulia habari za akida wa Kirumi aliyekuwa na mtumwa mgonjwa karibu ya kufa. Hakuenda mwenyewe. Aliwatuma wazee wa Wayahudi, nao walipofika kwa Yesu walimtetea kwa hoja ambayo Mkenya yeyote ataitambua: huyu anastahili, maana analipenda taifa letu na ametujengea sinagogi. Yaani mheshimiwa ametoa mabati. Ameleta viti mia mbili na spika. Kwa hiyo mchungaji, tafadhali, aombewe ombi maalum.

Yesu akaenda nao. Lakini kabla hajafika nyumbani, akida akatuma kundi la pili, la rafiki zake, na ujumbe uliobomoa hoja ya wale wa kwanza: sistahili uingie chini ya dari yangu, sema neno tu. Waombezi wake walisema anastahili. Mwenyewe akasema hastahili. Yesu hakuisifu sinagogi. Alisema hajaona imani kubwa namna ile hata katika Israeli. Mpaka leo Wakatoliki huyatumia maneno ya mwanajeshi huyo, yakiwa yamegeuzwa kidogo, kila wanapojiandaa kupokea komunyo.

Angalia alichoomba mtu huyo asiyestahili: uponyaji wa mbali, bila kuguswa, kwa neno moja. Unyenyekevu haukulipunguza ombi lake. Ndivyo ilivyo kwa Ibrahimu katika Mwanzo 18. Anajiita mavumbi na majivu, halafu anaanza kubishana bei na Mungu kama mama mwenye kikapu pale sokoni Kibuye siku ya Jumapili. Wakipatikana wenye haki 50, utauangamiza mji? Na 45 je? Basi 40. Basi 30. Basi 20. Usikasirike Bwana, nitasema mara hii tu: 10? Mara sita anaomba, na kila mara anakubaliwa. Wala hakuwa akijiombea. Alikuwa akiwaombea watu wa Sodoma. Asiyejiombea anaweza kusumbua bila aibu, kwa sababu faida si yake.

Kwa hiyo mama anayesema "mimi ni nani hata Mungu anisikie" tayari ameanza vizuri. Kosa ni kuishia hapo na kumpa mwalimu msahaulifu kazi yake.

"Asipopona, imani ilikuwa ndogo"

Hii ni dhana yenye madhara, na sitaipaka asali. Nimesimama kwenye wodi saa ya kuwatazama wagonjwa, flaski za uji zimepangwa sakafuni, nikasikia mwombezi akimwambia mzee mwenye mpira wa oksijeni puani: "Mzee, amini tu, ukiamini utaamka." Mzee alikuwa hawezi hata kujibu. Alikaza macho kwenye dari, na binti yake akaanza kukunja na kukunjua leso ile ile. Tulitoka tukiwa tumemwachia mzigo wa pili juu ya ugonjwa.

Paulo aliomba mara tatu mwiba wake wa mwilini uondolewe, haukuondolewa. Alimwacha mwenzake Trofimo mjini Mileto akiwa mgonjwa. Alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, wala hakumwambia kwamba imani yake ina kasoro. Na yule baba wa Marko 9 aliyelia "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", mwanawe alipona, imani yake ikiwa nusu nusu hivyo hivyo.

Ndugu yake dhana hii ni ile isemayo kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Sisi tunaoishi kaunti za kandokando ya ziwa, zenye kiwango cha juu kabisa cha virusi vya ukimwi nchini, hatuna ruhusa ya kuichezea. Anayemwambia mtu aache ARV, dawa za kudhibiti virusi hivyo, kwa sababu ameombewa anamweka kwenye hatari ya kifo. Mfalme Hezekia aliomba, akaahidiwa miaka 15 zaidi, kisha nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Na wamishonari wa Kanisa la Marafiki waliofika Kaimosi mwaka 1902 walihubiri, wakafundisha na kutibu, yote pale pale, bila kuona kwamba kimoja kinakikanusha kingine.

Upande wa pili wako wanaotaka maombi yapimwe kama kidonge. Yamewahi kupimwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwafuatilia wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Waombaji walikuwa wageni waliopewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi moja ya jina la ukoo. Miongoni mwa walioambiwa tu kwamba huenda wataombewa au hawataombewa, walioombewa walipata matatizo asilimia 52, wasioombewa 51. Waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walifika 59. Mmoja wa watafiti alikisia kwamba huenda mgonjwa alijiuliza: kwani hali yangu ni mbaya kiasi cha kuitiwa waombezi? Sitaupindua utafiti huo uniunge mkono. Ila nikiusoma namkumbuka mzee wa wodini, namna tulivyomzingira.

"Ombi la nguvu lazima lisikike mtaa wa pili"

Hana aliomba midomo ikicheza bila sauti, kuhani Eli akamdhania mlevi, na bado Hana akajibiwa, akamzaa Samweli. Lakini wapenda kimya nao wasijivune, kwani Waebrania inasema Yesu aliomba kwa kulia sana na machozi. Wale ndugu wa kanzu nyeupe wanaopita na ngoma na bendera kwenye barabara za Vihiga na Kakamega hawana kosa. Sauti haipimi chochote. Ingawa kesha lenye spika nne karibu na nyumba yenye mtoto mchanga ni suala la ujirani tu, wala halihitaji mstari wa Biblia.

"Ombi bila mbegu halizai"

Matendo 8. Simoni mchawi alileta fedha anunue uwezo wa kuweka mikono, na Petro akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Sadaka ya shukrani ipo na ni njema. Nambari ya till ya kutumia pesa kwa simu inayotangulia ombi ni bei. Jambo linalonigusa hapo ni kwamba mwishoni Simoni anawaomba mitume wamwombee, na Luka hatuambii ilikuwaje baadaye.

Jumapili iliyofuata nilimtafuta yule mama. Nikamkuta chini ya mwembe akikunja leso yake. Nikamwambia ukweli: mama, nilisahau, nisamehe. Alinitazama kidogo, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwalimu, nilijua. Uliitikia huku unaangalia birika," akasema. "Ndiyo maana na wewe nikakuweka kwenye yale ya saa kumi."