Uhusiano wa afya ya kinywa na magonjwa ya mwili: kinachomaanishwa na kisichomaanishwa

Kauli kwamba fizi zinazotoka damu husababisha ugonjwa wa moyo imerudiwa mara nyingi mno, katika matangazo ya dawa za meno, katika semina za afya na hata katika vyumba vya matibabu, kiasi kwamba wengi huichukua kuwa jambo lililokwisha kuthibitishwa. Halijathibitishwa. Kilichothibitishwa ni kitu kingine, nacho kinastahili kuelezwa kwa usahihi, kwa sababu mtu aliyekielewa vibaya anaweza kuamua vibaya kuhusu meno yake na kuhusu moyo wake pia.

Wataalamu wanaposema kwamba afya ya kinywa ina uhusiano na ugonjwa fulani mahali pengine mwilini, wanamaanisha kwamba mambo hayo mawili hukutwa kwa mtu mmoja mara nyingi zaidi kuliko ambavyo yangekutana kwa bahati tu. Hawajasema lipi limetangulia, wala hawajasema kwamba moja limezaa jingine. Kwa kawaida ugonjwa wa kinywa unaozungumziwa ni ule wa fizi uliokomaa, ambapo bakteria walio katika ukoga huchokoza kinga ya mwili kwa miaka mingi mpaka nyuzi na mfupa unaoshikilia meno huanza kuliwa. Kutoka hapo zipo njia kadhaa za kueleza uhusiano huo. Bakteria wanaweza kuingia katika damu au katika mapafu. Uvimbe wa muda mrefu wa fizi unaweza kuamsha kinga ya mwili mzima. Ugonjwa wa mwili unaweza kuwa ndio ulioharibu kinywa. Au yote mawili yanaweza kuwa yametokana na jambo la tatu, kama vile uvutaji wa sigara. Njia hizi ni tofauti kabisa, na kosa ninalolisikia kila mara ni kuzichanganya zote katika neno moja, "husababisha".

Tofauti hii si ubishi wa wasomi, kwani tiba imewahi kuisahau na wagonjwa wakalipa gharama yake. Mwaka 1891 Willoughby Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, aliandika kuhusu kinywa kama chimbuko la maambukizi, na mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter aliwahutubia wanafunzi wa udaktari huko Montreal akiilaumu mijengo ya dhahabu iliyofunika meno yenye usaha. Walichokiona kilikuwa kweli: vinywa vingi vya wakati ule vilikuwa na usaha, na wenye vinywa hivyo walikuwa wagonjwa. Kutokana na hapo, hata hivyo, ilienea imani kwamba baridi yabisi, magonjwa ya figo na hata ya akili yalitoka katika mizizi ya meno, na kwa zaidi ya miongo miwili meno yaling'olewa kwa wingi, mengine yakiwa mazima. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, daktari Henry Cotton aliwang'oa wagonjwa wake meno, na hilo lisipoleta nafuu akaendelea na tezi za koo na vipande vya utumbo. Wengi walikufa kutokana na upasuaji huo. Imani hiyo ilififia baada ya madaktari kufanya hesabu ambayo ilipaswa kufanywa mwanzoni. Mwaka 1938 Russell Cecil na Murray Angevine walipitia habari za wagonjwa 200 wa baridi yabisi, wakaona kwamba kuondoa meno na tezi hakukuwa kumewaletea nafuu ya kutajwa.

Suala la moyo lilirudi kwa nguvu mwaka 1989, watafiti wa Finland walipoonyesha kwamba watu waliopatwa na shambulio la moyo walikuwa na vinywa vibaya zaidi kuliko watu wengine waliolinganishwa nao. Tafiti nyingi zilizofuata zimeona hali hiyo hiyo. Lakini anayevuta sigara huharibu fizi na mishipa yake ya damu kwa wakati mmoja. Umri hufanya vivyo hivyo, na umaskini humnyima mtu daktari wa meno na daktari wa moyo pia. Watafiti hujitahidi kuondoa athari za mambo hayo katika hesabu zao, na baada ya kuyaondoa uhusiano hupungua, ingawa haufutiki. Ndiyo maana mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilipopitia ushahidi wote kilisema mambo mawili kwa pamoja: kwamba uhusiano upo hata baada ya kuzingatia visababishi vinavyojulikana, na kwamba hakuna ushahidi kuwa ugonjwa wa fizi husababisha ugonjwa wa mishipa ya moyo au kwamba kuutibu huuzuia. Wanaonukuu tamko hilo huchukua nusu ya kwanza na kuiacha ya pili.

Ni kweli kwamba jaribio lililochapishwa mwaka 2007 lilionyesha kuwa matibabu makali ya fizi huboresha utendaji wa kuta za mishipa ya damu baada ya miezi sita, ingawa siku moja baada ya matibabu utendaji huo ulikuwa umeshuka. Hiyo ni dalili nzuri, lakini mshipa unaotanuka vizuri zaidi si sawa na shambulio la moyo lililoepukwa. Ili kulijua hilo ingebidi maelfu ya watu wafuatiliwe kwa miaka mingi huku baadhi yao wakiachwa bila kutibiwa fizi, jambo ambalo ni gumu kulitetea kimaadili.

Kuna ugonjwa mmoja wa moyo ambao kweli bakteria wa kinywani huweza kuuleta, nao ni maambukizi ya utando wa ndani wa moyo na vali zake, yaani milango inayopitisha damu ndani ya moyo. Watu huuchanganya na shambulio la moyo, na mchanganyo huo umeongeza sana vurugu. Hata hapa ni wagonjwa wachache wanaohitaji kumeza antibiotiki kabla ya kung'olewa jino, hasa wenye vali za bandia au waliowahi kuugua ugonjwa huo. Mwongozo wa Marekani ulipunguza orodha yao mwaka 2007, baada ya kutambua kwamba kutafuna na kupiga mswaki kila siku huingiza bakteria katika damu mara nyingi kuliko ziara moja kwa daktari wa meno.

Mahali ambapo ushahidi ni imara zaidi husahaulika. Kisukari kisichodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na kutibu fizi hupunguza kipimo cha HbA1c, yaani wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, kwa takriban asilimia 0.4 katika miezi michache ya mwanzo. Katika nyumba za kutunzia wazee huko Japani, kuwasafisha wazee kinywa mara kwa mara kulipunguza nimonia, na sababu yake inaeleweka, kwa kuwa mzee anayepaliwa na mate huvuta bakteria wa kinywani hadi mapafuni. Kuhusu ujauzito, jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2006 lilionyesha kwamba kutibu fizi hakukupunguza kuzaa kabla ya wakati, ingawa uhusiano kati ya mambo hayo mawili ulikuwa umeonekana miaka kumi kabla.

Basi anayewafundisha wengine anaweza kubadilisha sentensi yake kidogo tu. Aseme kwamba wenye ugonjwa wa fizi hupatwa zaidi na ugonjwa wa moyo, na kwamba bado haijaonyeshwa kuwa kutibu fizi kunauzuia. Mwenye kisukari anaweza kuambiwa kwa uhakika zaidi kwamba fizi zake ni sehemu ya matibabu yake. Mjamzito aambiwe kwamba kutibiwa fizi ni salama kwake na kutayanusuru meno yake, bila kuahidiwa chochote kuhusu siku ya kujifungua.