Je, wajua kwa nini "corned beef" haina mahindi hata punje?

Kwa miaka mingi niliamini, na nikawaaminisha wenzangu, kwamba "corned beef", ile nyama ya kopo, ni nyama ya ng'ombe waliolishwa mahindi. Hoja ilikuwa nyepesi: "corn" ni mahindi, "beef" ni nyama ya ng'ombe, yamekwisha. Nilipokuwa mdogo nilikuwa na nadharia mbovu zaidi. Mama akifungua kopo kwa kile kiufunguo chake, utepe wa bati ukijikunja taratibu, mimi nasubiri na uma nichokoe nyama nitafute punje za njano. Nilichopata ni mafuta yaliyoganda.

Punje zilikuwemo kweli katika jina hilo, ila ni za chumvi.

Katika Kiingereza cha kale, "corn" ilikuwa punje basi, kitu chochote kidogo kigumu: ya ngano, ya mchanga, ya chumvi. Ni ndugu wa neno la Kilatini "granum", lenye maana hiyohiyo. Katika karne ya 16 Waingereza walikuwa wameshalifanya kitenzi, na ku-"corn" nyama kukawa kuipaka chumvi ya punje ili isioze. Mahindi hayamo kabisa katika hadithi hii. Ulaya ilikuja kuyajua baada ya safari ya Columbus ya 1492, wakati neno lenyewe lina mamia ya miaka.

Kosa langu lina wenzake wengi. Biblia ya Kiingereza ya 1611 inasema wanafunzi wa Yesu walichuma "ears of corn" siku ya sabato, na msomaji wa leo anaweza kuwaona kabisa wakitafuna mahindi mabichi huko Galilaya. Watafsiri wetu hawakunaswa: waliandika "masuke". Zile "Corn Laws" nazo, zilizogombaniwa Uingereza tangu 1815 hadi zilipofutwa 1846, zilihusu ngano na nafaka za aina hiyo. Niliwahi kumweleza mtu, kwa kujiamini kabisa, kwamba zilikuwa sheria za mahindi.

Sasa mahindi yaliingiaje? Mfikirie mgeni kutoka Nairobi aliyefika Dar es Salaam akaambiwa, "Leo mboga ni samaki." Atashangaa, maana kwake mboga ni sukuma au kabichi. Mwenyeji hajakosea: kwake mboga ni chochote kinachoteremshia ugali. Neno ni lilelile, ila upande mmoja limebaki pana na upande wa pili limebana. "Corn" ilibana hivyohivyo, kila mahali ikiangukia nafaka inayoliwa zaidi: kwa Waingereza ngano, kwa Waskoti oti. Walowezi wa Amerika Kaskazini walianza kwa kusema "Indian corn", yaani nafaka ya wenyeji, kisha neno la kwanza likadondoka. Sisi tulifanya hivyo kwa simu ya mkononi. Ilipokuwa ndiyo simu pekee watu wanayoijua, nani alihitaji tena kutaja mkono?

Kazi ya chumvi yenyewe unaijua kama umewahi kutengeneza kachumbari. Unakata vitunguu, unavinyunyizia chumvi, unavifikicha, na baada ya dakika chache bakuli lina maji ambayo hukuyatia. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu. Kwenye nyama mambo ni hayohayo, na vijidudu vya kuozesha hunyonywa maji vilevile. Kwa nini chumvi ya mawe, si laini? Wapo wanaosema huyeyuka polepole na kuivuta nyama maji kwa utulivu. Inaingia akilini, lakini mimi ningetanguliza sababu ya kawaida zaidi: maji ya bahari yakikauka taratibu juani huacha punje kubwa, na hiyo ndiyo chumvi iliyokuwepo.

Katika karne ya 17 na ya 18, Cork huko Ayalandi ilikuwa ikisafirisha mapipa ya nyama hii kwa mabaharia na kwa visiwa vya Karibi. Makopo yalifuata katika karne ya 19, Fray Bentos ya Uruguay ikawa na kiwanda mashuhuri, na baadaye huku kwetu kukawa na Tanganyika Packers pale Kawe na Kenya Meat Commission kule Athi River.

Kuna kijambo kingine ninachokipenda mno. Baruti nayo ililoweshwa, ikakaushwa kuwa chembechembe ili moto upenye haraka kati yake, na Waingereza wakaiita "corned powder". Kiungo kikuu cha baruti ni shura, chumvi ya aina nyingine isiyo ile ya mezani. Shura hiyohiyo ilitiwa kwenye nyama, na ndiyo iliyoifanya ibaki na wekundu wa waridi hata ikichemshwa, badala ya kugeuka kijivu kama nyama nyingine yoyote sufuriani.

Viwandani leo chumvi huingia mara nyingi ikiwa imeshayeyushwa majini, na shura imepishwa na dawa ya jamii yake, nitriti. Kwa hiyo hata ningechokoa kwa uma mpaka chini ya kopo, punje ya aina yoyote nisingeiona.