Mchele haukaushi droni

Droni ikilowa ukungu wa milima ya Uporoto au ikitumbukia mtaroni, wengi Mbeya huizika kwenye ndoo ya mchele wa Kyela. Mchele hauvuti maji yaliyojibana chini ya chipu. Huacha vumbi tu, nao wastahili sufuria. Kinachoua saketi ni umeme kupita kwenye maji machafu: shaba huota kutu ya kijani.

Chomoa betri kwanza, kabla hata ya kufuta maji. Sugua bodi ya saketi kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, hasa miguu ya chipu, kisha iache mbele ya feni saa 24. Ikikauka, ipake vanishi ya silikoni ya kuikinga na maji, nyembamba, mara mbili. Funika kwanza kwa utepe soketi na tundu dogo la kipimahewa; likizibwa, droni haijui iko juu kiasi gani.