Kaladiamu na baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Ikifika mwisho wa Mei, kaladiamu, yale maua yanayopandwa kwa ajili ya majani yake ya rangi, huanza kulegea kwa wingi Mbeya, Iringa na Njombe. Majani yaliyokuwa mekundu, meupe na ya waridi yanapauka na kulalia ukingo wa chungu, na mwenye bustani anakimbilia maji. Tafadhali, usimwagilie. Mmea unarudi kwenye kiazi chake kupumzika, na kiazi kilicholala kwenye udongo wa baridi uliolowa huoza. Kaladiamu nyingi tunazoletewa kuchunguzwa zimekufa hivyo, kwa kutunzwa kupita kiasi.

Asili ya ua hili ni misitu ya joto ya Amerika Kusini, na ni ndugu wa magimbi. Kivuli cha mparachichi au cha baraza linakipenda. Baridi ya udongoni ndiyo haliiwezi. Udongo ukishuka chini ya nyuzi joto 18 hivi, linasimama kukua. Mjini Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, hawana shida hiyo. Makete na maeneo mengine yenye sakitu (umande unaoganda), lipande kwenye chungu tu, ukaliweke ndani.

Kwa wengi wetu, wakati wa kupanda ni Oktoba hadi katikati ya Novemba, ardhi ikiwa imepata joto. Chagua kiazi kigumu. Kinachobonyea ukikishika kimeshaoza. Kitazame juu: utaona jicho moja kubwa katikati na madogo pembeni. Likwangue lile kubwa kwa ncha ya kisu, paka majivu makavu, uache jeraha likauke siku mbili. Majani yatachelewa kidogo kutoka, lakini yatatoka mengi kutoka macho ya pembeni, na chungu kitajaa. Ukiacha jicho kubwa utapata majani machache marefu, na kwa chungu cha barazani sioni faida yake.

Fukia kina cha sentimita 5, macho yakitazama juu. Udongo uwe mwepesi: udongo wa juu, samadi iliyooza kabisa na mchanga wa mtoni. Ndoo kuukuu inatosha, mradi uitoboe chini. Mwagilia kidogo tu mpaka majani yatokeze, kisha ongeza.

Jua la asubuhi mpaka saa tatu au saa nne halina ubaya, na hukoleza rangi. La mchana huunguza, hasa majani meupe, yanayobaki na mabaka ya kahawia. Yurea iliyobaki shambani kwenye mahindi usiitie humu: naitrojeni nyingi huongeza ukijani na kufifisha rangi uliyoinunulia. Wakati wa masika, konokono ni wa kuokotwa kwa mkono jioni.

Majani yakishalala, acha kumwagilia. Chimbua viazi, vianike kivulini wiki moja, ondoa majani yaliyokauka, kisha vizike kwenye maranda makavu ndani ya boksi. Mafinga na Njombe maranda yapo tele kwenye viwanda vya mbao. Boksi likae juu ya rafu ya jikoni, kwenye joto, lisikae sakafuni wala ghala la baridi. Mfuko wa nailoni uliofungwa hauna nafasi hapa, kwa kuwa viazi vinatoa jasho na kuota ukungu. Kila baada ya wiki chache vipapase, utoe chochote kilicholainika kabla hakijaambukiza vingine.

Wenye watoto wadogo na mbuzi, weka vyungu mahali pasipofikiwa. Utomvu wa kaladiamu una fuwele zilezile zinazofanya gimbi bichi liwashe, na mtoto akitafuna jani, mdomo na koo huchoma na kuvimba. Futa mdomo, msuuze kwa maji, na akipata shida ya kumeza au kupumua mpeleke hospitali mara moja. Kiazi chake kinafanana na gimbi dogo, kwa hiyo andika jina juu ya boksi kabla hujaliweka jikoni.