DJ wa harusi, kabla hujataja bei hesabu mzigo

MaDJ wadogo wa hapa Malindi wakinipigia simu swali ni lile lile, harusi nichaji ngapi? Mi siwapi namba. Nawauliza harusi ni wapi, ni ya kina nani, inaanza saa ngapi, stima iko ama haiko, juu bei ya DJ anayezunguka na vyombo vyake haitoki kwenye nyimbo, inatoka kwenye mzigo na masaa. Nyimbo ndio sehemu rahisi ya kazi hii, kila mtu siku hizi anazo kwa simu.

Hebu tupige hesabu. Mteja akisema sherehe ni saa kumi jioni hadi saa nne usiku yeye anaona masaa sita. Wewe umetoka kwako Maweni saa sita mchana, umepakia, umefika ukumbini ukamsubiri mwenye ufunguo, umefunga spika, umejaribu maiki, umepiga, umefungua vyote tena usiku wageni wakiwa washalala, nyumbani umeingia saa saba. Hayo ni masaa kumi na tatu, na hapo sijatia zile siku mnabishana na bi harusi WhatsApp kuhusu wimbo wa kuingilia.

Halafu vyombo vinazeeka. Tuseme seti nzima, spika, besi, mixa, kontrola (ile mashine ya kuchezea nyimbo) na waya, imekula shilingi 300,000 za Kenya na unataka iwe imejilipa kwa miaka 3, na kwa mwaka unapata harusi kama 40. Gawa kwa 120, kila harusi inadaiwa 2,500 na vyombo kabla hujanunua hata maji ya kunywa. Na hiyo miaka 3 huku pwani ni ya mtu mwenye bidii, maanake chumvi ya bahari haina huruma, piga harusi mbili za ufuoni mfululizo bila kufuta jeki zako, vile vichwa vya waya, uone ile rangi ya kijani inavyoota kwenye shaba, halafu maiki ianze kukwaruza sheikh akiwa katikati ya dua na ukumbi mzima unageuka kukuangalia wewe. Kitambaa na dawa ya kupulizia jeki ni gharama pia, ziandike.

Ongeza usafiri, vijana wa kubeba, petroli ya jenereta, chakula (kuna harusi biriani inafika hadi kwa mlinzi ila DJ amesahaulika). Ikitoka tuseme 14,000, na wewe mwenyewe usiku huo unataka ubaki na 10,000, basi mwisho wako ni 24,000. Chini ya hapo wewe ndiye unayewachangia harusi.

Sasa mazungumzo yenyewe. Huku kwetu anayekupigia mara nyingi si bwana harusi, ni shangazi ama mama mkubwa, na hao bei wameanza kupatana na wauza samaki kabla wewe hujazaliwa. Unamwambia 35,000. "Mwanangu, mbona ghali hivyo, na wewe si mtu wa nje, mamako namjua." Ukishuka hapo hapo hadi 25,000 kwa sentensi moja ushakwisha, maana ataona ile ya kwanza ilikuwa wizi na ataendelea kukuvuta. Mi nasema, "Sawa shangazi, tuangalie cha kupunguza. Nikiacha taa na besi moja, nikija na kijana mmoja badala ya wawili, inakuwa 28,000." Kimya kidogo. "Taa zile za rangi?" "Hizo zitabaki nyumbani shangazi." "Aka, zilete." "Basi ni ile 35." "Fanya 33 mwanangu, na chakula chako nitakuwekea mimi mwenyewe." Hapo nakubali, juu ile 2,000 ni heshima ya shangazi na nilishaitia ndani toka mwanzo. Kila shilingi inayotoka lazima itoke na kitu chake, taa, saa moja, kijana mmoja. Bei ikishuka peke yake bila kitu kushuka nayo ujue umejikata mshahara.

Na kama ni ndugu kweli kweli? Usimpe bei ya siri. Andika bei kamili, halafu chini andika mchango wangu 5,000, kama vile ungechanga kwa pesa. Familia itajua thamani ya kazi, jina lako litasomwa pamoja na ya wachangaji wengine, na binamu yake mwaka ujao hatakuja kudai bei ya fulani.

Kamati za harusi, zile za kanisani hasa, ni mchezo mwingine. Pale unaongea na mweka hazina mbele ya watu kumi na daftari lake limejaa ahadi, si pesa. Usipoteze jioni nzima kubishania bei na watu ambao hawajakusanya, uliza tu DJ ametengewa ngapi na arbuni, yaani malipo ya kwanza, inatoka lini. Mi nataka nusu ndio niandike tarehe.

Harusi za Waswahili zina siku kadhaa na kila siku ina bei yake, usikubali kufungiwa zote kwa jumla ya mdomo. Kupamba kwa mfano, ile sherehe ya wanawake ya kumtoa bi harusi, wanaume hatuingii. DJ mwanamume anakaa nyuma ya pazia ama chumba cha pili, haoni mtu, anaongozwa na sauti tu, "Weka ya taratibu, bi harusi anatoka!", kwa hiyo unahitaji waya mrefu na dada msaidizi wa kukaa ndani na maiki, na huyo dada lazima alipwe vizuri kwa vile bila yeye wewe ni redio. Dada zetu wenye ujuzi wa kuDJ, soko hilo ni lenu, na sioni kwa nini wengine wenu mnachaji chini ya sisi. Ah, na adhana ikilia unazima. Kuna mtu alishaniuliza kama zile dakika zinarudishwa mwisho. Hazirudishwi.

Lamu ndio watu wanajiumiza zaidi. Ukitoka Malindi unapita Garsen, Witu hadi Mokowe, hapo gari linaishia, vyombo vinashuka vinaingia boti, mkifika ng'ambo ni mkokoteni ama punda, na vile vichochoro vya mji wa kale besi kubwa mbili hazipiti sambamba. Kila mkono uliogusa spika unalipwa, kwenda na kurudi. Barabara ile usiku mi sisafiri, kwa hivyo kazi ya jioni moja ni malazi ya siku mbili na kazi nyingine ya Jumamosi umeikosa. Bei ya Lamu si bei ya Malindi jumlisha nauli. Mara nyingi mteja anapona akikodi spika za kule kule na wewe uende na kontrola na kompyuta kwa begi, mwambie hivyo, hata kama bei yako itashuka, utafika hujachoka na yeye atakuita tena.

Harusi za wageni wa kutoka nje ya nchi kule Casuarina na Watamu, watu hudhani ni kuongeza sifuri tu. Mi sipendi hiyo. Nachaji zaidi pale kazi ilipo zaidi, mikutano ya video na Italia, seti mbili juu nikaha ni ufuoni na chakula ni kwengine, na mratibu anayetaka asilimia yake. Muulize mratibu asilimia yake mapema, usiisikie siku ya kulipwa.

Kuhusu maandishi, ukurasa mmoja unatosha: tarehe, mahali, masaa, vyombo gani, nani analeta stima, nani anachukua kibali cha kelele (kanuni za kelele ziko tangu 2009, na wenye kuzisimamia wakija kuchukua spika wanachukua zako si za bwana harusi). Sahihi mbili, arbuni kwa M-Pesa ili ibaki na ushahidi. Kenya kuna mahakama ya madai madogo, sheria yake ni ya 2016, inasikiza madai hadi milioni moja na si lazima uwe na wakili, lakini bila karatasi utaenda kusema nini pale?

Salio lilipwe kabla ya wimbo wa kwanza. Sherehe ikiisha bwana harusi yuko chumbani, kamati imetawanyika, na shangazi simu imezima chaji. Saa za ziada nazo ziwe na bei yake na jina la mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuziongeza, juu saa nne ikifika watakuja watu sita tofauti kukwambia "kidogo tu DJ", na kati yao hakuna hata mmoja aliyebeba pochi. Na ukiwa unapanga kalenda, Mfungo Mosi (mwezi unaofuata Ramadhani) na Disemba usimpunguzie mtu, tarehe hizo zitajaa zenyewe. Punguza Mei, mvua ikiwa inanyesha na vyombo vimelala.